Kusimama na skuta ukiwa mfupi: mwongozo kamili kutoka barabara za Malindi

Nina kimo cha sentimita 149, na kiti cha skuta yangu kiko milimita 765 kutoka chini. Huu ni mwaka wa sita naiendesha hapa Malindi, nikiwapelekea wateja nguo nilizowashonea, kutoka Shela hadi Ganda, na siku nyingine hadi Mambrui ng'ambo ya Mto Sabaki. Kwenda hakujapata kunitisha. Skuta ikishashika mwendo haijui aliyeikalia ni mrefu au mfupi. Kilichokuwa kikinitoa jasho ni kusimama: tuktuk inayokata kushoto ghafla kumchukua mtu, mkokoteni wa maji ulioziba njia, msururu wa magari karibu na soko. Nikiona tu taa za breki za gari la mbele, moyo ulianza kwenda mbio kabla mkono haujagusa breki.

Mwezi wa kwanza nilianguka mara tatu, na zote tatu skuta ilikuwa karibu imesimama kabisa. Mara ya tatu ilikuwa mbele ya steji ya bodaboda. Mzee mmoja wa pale alikuja akanisaidia kuiinua, akapangusa mchanga kwenye kiti, kisha akaniambia: "Mwanangu, wewe wasimama kwanza, halafu ndipo watafuta pa kukanyaga. Tafuta pa kukanyaga kwanza." Mengi nitakayoeleza hapa yametoka katika maneno hayo. Mimi nilikuwa nikilaumu miguu yangu, kumbe kosa lilianza mita ishirini nyuma.

Tangu hapo nimewafundisha majirani wanne na binti wa dada yangu, wote wafupi, mmoja mfupi kuniliko. Wote wanaendesha. Naandika hasa kwa dada zangu wanaoiona skuta imeegeshwa uani na kuiogopa, ingawa kaka mfupi naye atapata lake.

Pima kwanza

Simama bila viatu, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukivute juu kama vile umekalia kiti, kisha mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Mimi ni sentimita 68. Kiti changu ni 76 na nusu. Ukitazama tarakimu hizo peke yake utaiuza skuta kesho. Lakini ongeza kiatu chenye soli ya sentimita 3, ufike 71. Kisha ukikaa, springi za nyuma zinabonyea kwa uzito wako, mimi kwangu kama sentimita 2, na kiti kinashuka hadi 74 na nusu. Pengo lililobaki ni sentimita 3 na nusu. Upana wa kiti huongeza kidogo kwa sababu unatanua mapaja, lakini ukikaa mbele, pale kiti kinapokuwa chembamba, unayarudisha. Maana yake ni kwamba miguu yote miwili inagusa kwa sehemu ya mbele ya wayo, visigino vikiwa hewani. Na nikisogeza nyonga upande mmoja, mguu wa upande huo unakanyaga wayo mzima.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalohusika, kwa sababu huhitaji miguu miwili chini. Unahitaji mmoja, uliokanyaga vizuri. Wapo watu warefu wanaosimama kwa miguu yote miwili imening'inia kwa vidole, na wanayumba kuliko mimi.

Ukiwa bado hujanunua, jua kwamba skuta nyingi za injini ya cc 110 na 125 zina viti vya kati ya milimita 760 na 790, na uzito wa kati ya kilo 90 na 115. Tofauti ya milimita 20 utaihisi, lakini upana wa kiti utauhisi zaidi. Usinunue kwa kusoma karatasi. Nenda ukaikalie, ukiwa na viatu utakavyoendeshea, na uombe ishushwe kutoka stendi kubwa, maana ikiwa juu ya stendi kubwa kimo chake si cha kweli.

Vya kubadilisha, na vya kuacha

Ushauri wangu ni usiguse chochote kwenye skuta mwezi wa kwanza. Nimeona watu wakikata kiti wiki ya kwanza, na walipojifunza kusimama wakagundua hawakuhitaji, sasa wamekalia ubao.

Baada ya hapo, ikiwa bado pengo linakusumbua, anza na springi za nyuma. Skuta nyingi zina pete yenye vidato chini ya springi. Fundi akiigeuza kwenye kidato laini kabisa, kiti kinabonyea zaidi unapokaa, na hakuna kilichokatwa. Ukibeba abiria utairudisha juu. Halafu ndipo fundi wa viti. Mwambie apunguze sponji kwa mbele na pembeni, pale mapaja yanapopita, na aache pale unapokalia. Kupunguza pembeni kunasaidia kuliko kushusha kiti kizima. Usipunguze upepo wa matairi ili ushuke chini. Tairi lenye upepo mdogo linafanya usukani uwe mzito na skuta iyumbe kwa mwendo mdogo, na mwendo mdogo ndio ugonjwa tunaoutibu.

Viatu: raba au buti lenye soli nene, ngumu, yenye meno, linalofunika kisigino. Ndara hapana. Siku nitakayokuta mtu amejifunza kusimama vizuri kwa ndara nitanyamaza, lakini mpaka leo ninaowaona wakiteleza mbele ya duka langu wote wamevaa ndara. Ndara ikikwama kwenye mchanga inabaki nyuma, na mguu unatua mtupu juu ya jiwe la matumbawe.

Nguo

Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ni kazi yangu. Katika wale wanne niliowafundisha, wawili walianguka kwa sababu ya pindo. Buibui likiwa refu, unaposhusha mguu unakanyaga pindo lako mwenyewe. Mguu umefika chini, lakini nguo imekuvuta goti, na huwezi kuusogeza hata inchi moja skuta inapoanza kulala. Dera ni baya zaidi kwa sababu ni pana: upepo unalijaza, na upande wa nyuma linaweza kuingia kwenye gurudumu.

Suluhisho si kuacha kujistiri. Vaa suruali ndani, kisha buibui lenye mpasuo wa pembeni unaofika chini kidogo ya goti pande zote mbili, na pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, lisiguse kiatu. Mpasuo huo naufunga kwa vifungo vya kubana, kwa hiyo ukishuka unavifunga na nguo inarudi kuwa nzima. Kabla ya kuwasha injini, shika pande mbili za nguo, zikunje chini ya mapaja, uzikalie. Mtandio uingie ndani ya koti, ncha zake zote. Ukiwa na nguo ambayo haina mpasuo, kanzu fupi juu ya suruali pana itakufaa kuliko kuhangaika. Jaribu nguo yako nyumbani kwa kukaa kwenye kiti cha jikoni na kunyoosha mguu pembeni ghafla mara kumi. Ikikuvuta hata mara moja, isiende barabarani.

Helmeti na jaketi la kung'aa sheria inavitaka kwako na kwa abiria wako, na leseni ya skuta kama hizi hapa Kenya ni daraja la A2.

Hatua ya kwanza: injini imezimwa

Tafuta mahali tambarare pagumu. Uani palipopigwa sementi, au uwanja wa shule Jumapili asubuhi kwa ruhusa ya mlinzi. Mtu mmoja asimame mbele ameshika usukani. Wewe kalia, shusha skuta kutoka stendi, na uinamishe polepole kushoto, kisha irudishe katikati, kisha kulia. Kidogo tu mwanzoni, halafu zaidi kidogo.

Utagundua kitu ambacho hakuna maneno yanayoweza kukuaminisha mpaka ukihisi: ikiwa wima, skuta ya kilo 105 unaishika kwa vidole viwili. Ikiinama kidogo bado ni nyepesi. Halafu kuna pembe fulani, ukiivuka tu uzito wote unakuja kwa mkupuo. Ijue pembe hiyo ya skuta yako. Rudia mpaka mwili uijue bila kufikiri, dakika kumi kila upande, siku mbili tatu.

Kisha jifunze kusogeza nyonga. Kaa mbele, mguu wa kulia ubaki juu ya sakafu ya skuta, sogeza makalio kushoto mpaka paja la kushoto litoke kwenye kiti, na ukanyage wayo mzima. Skuta ibaki wima. Ni mwili unaosogea, si mashine inayolala. Fanya hivyo hivyo upande wa kulia. Mara thelathini kila upande. Hii ndiyo faida yetu sisi wa skuta juu ya wenye pikipiki za gia: hatuna breki ya mguu wala gia ya mguu, kwa hiyo mguu wowote uko huru kushuka.

Mwisho itembeze kwa miguu ukiwa umeikalia, mbele tu, hatua fupi. Kurudi nyuma ukiwa juu yake usijaribu kwa sasa. Mtu mfupi akitaka kurudi nyuma ashuke, asimame upande wa kushoto, nyonga ikiegemea kiti, asukume.

Hatua ya pili: ijue mikono yako

Kwenye skuta, mkono wa kushoto ni breki ya nyuma na wa kulia ni breki ya mbele. Skuta nyingi zilizotoka India tangu 2019 zina breki zilizounganishwa, yaani ukibana ya kushoto, ya mbele nayo inashika kiasi. Muulize fundi kama yako ni hivyo.

Kwa mwendo wa kawaida tumia zote mbili. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, na anayeiogopa kabisa anajinyima nusu ya usalama wake. Lakini mita mbili tatu za mwisho, ilegeze ya kulia na umalizie kwa kushoto, taratibu. Sababu yake ni hii: mwendo ukiwa mdogo na usukani umepinda hata kidogo, breki ya mbele inalivuta gurudumu ndani na skuta inalala upande ule ulioelekea. Mtu mrefu ataidaka kwa mguu. Wewe na mimi hatutaidaka, kwa hiyo tusiruhusu ianze.

Usukani uwe umenyooka kabisa skuta inaposimama. Ukiwa unapinda kuingia kichochoro na mtu akakukatiza, kwanza nyoosha usukani, ndipo usimame, hata kama itabidi usimame umeelekea ukuta.

Hatua ya tatu: kusimama kwenyewe

Panga chupa mbili za maji uwanjani, moja mahali pa kuanzia kupunguza mwendo, nyingine mahali pa kusimama, umbali wa mita ishirini. Njoo kwa mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa.

Kwenye chupa ya kwanza, funga aksileta, ule mshiko wa kulia unaouzungusha kuongeza mwendo, na uanze kubana breki zote mbili. Wakati huohuo macho yanatafuta pa kukanyaga. Unatafuta kipande cha ardhi chenye ukubwa wa sahani, pakavu, pagumu, pasipo na mchanga, pembeni mwa pale gurudumu litakapoishia. Ukikiona, chagua mguu. Jiambie kwa sauti, "Kulia," au "Kushoto." Wanafunzi wangu huona haya kusema kwa sauti, lakini anayesema hakosei mguu.

Ukishachagua, macho yanyanyuke. Tazama mbele, usawa wa mgongo wa mtu anayetembea. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu woga unavuta macho chini, na kichwa kikiinama mabega yanafuata, na usukani unafuata mabega. Ardhi umeshaiona. Iko palepale, haitahama.

Zikibaki mita tano, sogea mbele ya kiti na uanze kupeleka nyonga upande uliouchagua. Mguu bado uko juu. Kosa la wengi ni kushusha miguu mapema na kuikokota chini kama anayeendesha baiskeli isiyo na breki. Mguu unaokokota unagusa kila jiwe, na ukikwama unarudi nyuma na skuta inakupita. Uache juu ya sakafu mpaka pumzi ya mwisho ya mwendo.

Skuta inasimama. Mguu unatua chini wayo mzima, mbele kidogo ya nyonga, si nyuma. Breki ya kushoto bado imebanwa. Usiiachie. Breki ikibanwa skuta inakuwa kama kiti cha nyumbani. Ikiachiwa, inabingirika sentimita tatu tu na mguu wako hauko tena pale ulipoupanga.

Kuondoka nako ni sehemu ya kusimama. Breki imebanwa, unafungua aksileta kidogo mpaka usikie injini inataka kwenda, unaachia breki polepole, na mguu unapanda skuta ikishaanza kusogea. Usiupandishe kabla.

Mara ishirini kwa siku, kumi kila mguu, kwa wiki nzima. Ukiweza kusimama mara ishirini mfululizo bila kutazama chini mwishoni, ingia barabarani. Kabla ya hapo, subiri.

Hatua ya nne: mguu upi

Wengi hufundishwa kwamba mguu wa kushusha ni wa kushoto, basi. Kwa mtu mrefu haina shida. Kwetu sisi hebu tuangalie barabara yenyewe.

Lami hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo upande wetu wa kushoto huwa chini kuliko wa kulia. Kwenye lami nzima tofauti ni kama sentimita moja au mbili hivi, lakini nimeshasema pengo langu ni sentimita 3 na nusu, na hapo moja ni nyingi. Tena ukingo wa lami zetu nyingi umeliwa. Ukisimama karibu na ukingo na kushusha mguu wa kushoto, mguu unakwenda kwenye shimo la mchanga sentimita 10 chini, na hapo hakuna kiatu kitakachokuokoa. Anguko langu la pili lilikuwa hivyo.

Kwa hiyo karibu na ukingo, mguu wangu ni wa kulia. Upande wa kulia ardhi imenikaribia. Angalizo ni moja: kulia ndiko magari yanakopita, hivyo tazama kioo cha kulia kabla ya kuushusha, na usiutupe mbali. Nikiwa katikati ya njia yangu, kwenye msururu, nachagua ule ulio na ardhi nzuri. Na bora zaidi ni kutokwenda ukingoni kabisa. Wafupi tuna tabia ya kujibana pembeni kwa woga, na pembeni ndipo palipo pabaya kwetu. Simama pale magurudumu ya magari yanapopita. Matairi yamepafagia mchanga na pako sawa.

Upepo nao husaidia kuamua mguu. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ukienda kwa barabara ya Casuarina upepo unatoka baharini. Ukitoka mjini kuelekea Silversands bahari iko kushoto kwako: upepo unakusukuma kulia, na mguu wa kulia ndio wa kujikingia, tena uko upande wa juu. Ukirudi mjini mambo yanageuka, upepo unakusukuma kushoto, kule ardhi inakoshuka. Hapo naacha ukingo kabisa, nasimama pale lami ilipo sawa, nashusha kushoto, na breki zote mbili nazibana.

Hatua ya tano: mwendo wa polepole

Nusu ya visimamo unavyoviogopa havina lazima ya kusimama. Ukiweza kwenda taratibu kama mtu anayetembea bila kushusha mguu, tuktuk itaondoka na njia itafunguka kabla hujafika.

Skuta haina gia za kubadilisha. Ndani kuna mkanda na klachi inayojishika yenyewe injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha. Ukifunga aksileta kabisa na mwendo ukashuka sana, klachi inaachia, na skuta inaelea bila kuvutwa na injini. Hapo ndipo inapoanza kuyumba. Dawa yake ni kuacha aksileta imefunguka kidogo sana, bila kuichezesha, na kudhibiti mwendo kwa breki ya nyuma iliyobanwa nusu. Injini inavuta, breki inazuia, skuta inatulia katikati. Usikae hivyo dakika nyingi, klachi inapata moto. Sekunde kumi, kumi na tano, zinatosha kupita penye msongamano.

Zoezi: mita kumi za mstari mnyoofu, jitahidi utumie muda mrefu uwezavyo. Binti wa dada yangu alianza kwa sekunde sita. Mwezi ulipokwisha alifika kumi na nne, na siku hiyo aliacha kuniuliza kuhusu kukata kiti.

Mchanga, maramu na mvua

Mchanga mweupe juu ya lami unateleza kama ngano iliyomwagika sakafuni. Malindi unaukuta kwenye kona za njia za ufukweni na mbele ya kila nyumba inayojengwa. Ukiuona mbele, maliza kupunguza mwendo kabla yake, simama kabla yake au baada yake. Ukilazimika kusimama juu yake, breki ya nyuma pekee, usukani umenyooka, na mguu ushuke wima kama unapiga muhuri, usiteleze pembeni. Ukanyage kwanza kidogo, uhisi, ndipo uweke uzito.

Kwenye maramu yenye mawe, chagua mguu mapema zaidi, mita thelathini. Wakati wa masika, michirizi rangi ya mchanga iliyochorwa na maji pembeni mwa lami ni tope laini. Ikikauka inakuwa vumbi, na vumbi linateleza vilevile. Mistari iliyopakwa rangi barabarani na vifuniko vya chuma vikilowa, usikanyage hapo.

Stendi ya pembeni huzama mchangani. Chini ya kiti mimi hubeba kipande cha kigae cha ukubwa wa kiganja, nakiweka chini ya stendi. Wengine hutumia kopo lililopondwa.

Miinuko

Mji wetu ni tambarare, lakini vituo vya mafuta na malango mengi yana mpando wa kuingilia. Ukisimama ukiwa unapanda, bana breki zote mbili, shusha mguu mmoja, na ukiondoka achia ya mbele kwanza, ya nyuma mwisho, aksileta ikiwa imeshaanza kuvuta. Ukisimama ukiwa unateremka, huwezi kurudi nyuma kwa miguu mifupi, kwa hiyo usiegeshe pua ikitazama chini. Geuza kwanza, uegeshe ikitazama ulikotokea.

Sehemu mbaya kabisa ni mpando wa upande, barabara inayoinamia kulia au kushoto. Hapo mguu wa upande wa juu, siku zote.

Kuingia barabarani

Wiki ya kwanza toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya matuktuk kujaa. Chagua njia moja unayoijua, na itembee kwa miguu kwanza ukiangalia visimamo vyote: hapa nitakanyaga wapi, pale je? Nilifanya hivyo kutoka nyumbani hadi sokoni, nikapata visimamo tisa. Kila kimoja nikakipa mguu wake. Siku niliyoendesha, hakuna kilichonishtua.

Ukiwa nyuma ya tuktuk, acha nafasi ya urefu wa gari mbili, na kaa mahali dereva anakuona kwenye kioo chake. Nafasi hiyo ndiyo mita zako za kutafuta pa kukanyaga. Mwenye bodaboda atajipenyeza humo, muache apite, kisha ifungue tena. Matuta yapande ukiwa umenyooka, aksileta kidogo. Usisimame juu ya tuta, maana miguu itaning'inia pande zote mbili. Ukiona gari la mbele limesimama limekanyaga tuta, wewe simama kabla yake.

Honi zitapigwa. Anayekupigia honi yuko ndani ya gari lenye magurudumu manne na hatashusha mguu. Maliza kusimama kwako.

Mzigo na abiria

Mzigo mzito uende chini ya kiti au kwenye sakafu katikati ya miguu, ukiacha nafasi ya mguu kutoka na kuingia. Mfuko ulioning'inizwa kwenye ndoano ya mbele ukibembea, usukani unabembea nao. Nguo zangu nazifunga nyuma, nyepesi, hazivuki mabega.

Abiria ni mmoja, na asipande mpaka umekaa, umekanyaga, na breki zimebanwa, nawe umemwambia "Panda." Apande kutoka kushoto. Mwambie mapema kwamba mkisimama asishushe mguu wake hata akiona unayumba. Mama aliyezoea kukaa upande mmoja kwenye bodaboda utamwomba kwa heshima akae kwa kutanua miguu, akiwa na suruali ndani. Uzito wa upande mmoja hatuumudu. Mimi nilisubiri miezi mitano kabla ya kumbeba mtu yeyote, na wa kwanza alikuwa dada yangu, mwepesi, uwanjani.

Ikilala

Ikivuka ile pembe uliyoijua hatua ya kwanza, iache. Usiweke mguu chini yake, usiivute. Achia, ruka hatua moja nje. Plastiki na kioo vinanunuliwa, goti hapana.

Zima kwa ufunguo. Nusa kama kuna petroli inayovuja. Ikiwa imelalia kulia, fungua stendi ya pembeni kabla ya kuiinua, maana iko upande wa kushoto, na skuta ikisimama itapata pa kuegemea. Geuza usukani wote kuelekea upande ulioangukia. Mshiko wa chini utakusogelea. Chuchumaa, kiti kikiwa nyuma yako, makalio yakikigusa. Mkono mmoja ushike mshiko huo na breki yake, ili magurudumu yasibingirike, mwingine ushike chuma cha nyuma anachoshika abiria. Mgongo unyooke, tazama mbele, halafu tembea kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo, ukisukuma kwa mapaja. Mimi na sentimita zangu 149 naiinua peke yangu hivyo. Jifunze juu ya godoro kuukuu kabla hujahitaji.

Ikishasimama, subiri dakika chache kabla ya kuwasha, angalia mishiko ya breki kama imepinda na kama gurudumu la mbele limenyooka. Kisha, kama mwili uko salama na njia ni tulivu, izungushe urudi palepale ulipoangukia, uchague pa kukanyaga, usimame hapo mara moja kabla ya kwenda nyumbani.